Kabla hujatoa hiyo laki nne ya chuo cha eksirei, soma hapa mdogo wangu

Nimeletewa swali na binti wa Nkuhungu, hapahapa Dodoma, naliweka kwa kifupi ili na wengine wafuatilie: "Shikamoo dada. Nimemaliza fomu foo, nina C ya Baiolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia, D ya Kiingereza, C ya Kiswahili, Hesabu F. Nataka kusomea eksirei. Kuna kaka anatafutia watu vyuo kaniambia kuna sehemu nasoma mwaka mmoja tu natoka na cheti naanza kazi, anataka kianzio laki nne wiki hii hii. Halafu binamu yangu yuko Marekani anasema kule wanasoma hata miaka miwili haifiki vizuri wanaajiriwa, kwa nini sisi mitatu? Na mama hataki kabisa, anasema mionzi itanifanya nisizae. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki nne isitoke kwanza, ikae hapohapo ilipo, na huyo kaka akikwambia nafasi zinaisha Ijumaa mwache aseme.

Tuanze na huo mwaka mmoja. Kozi unayoitaka wewe hapa Tanzania ni Stashahada ya Radiografia, yaani kazi ya kupiga picha za eksirei, wengi tunaiita tu diploma ya radiolojia, na ni miaka mitatu, inapanda kwa ngazi za NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6 ndo unatoka na diploma mkononi. Sasa mtu anayekwambia mwaka mmoja anachukua ile ngazi ya 4 anakuuzia kana kwamba ndo mwisho wa safari, wakati ile ni mlango tu, huwezi kwenda nayo hospitali ukasema mi ni mteknolojia wa mionzi nipeni chumba. Kazi hii ina baraza lake la wataalamu wa mionzi, MRIPC, lipo kwa sheria ya mwaka 2007, na baraza ndo linasajili watu na kutoa leseni, kwa hiyo hata kama unajua kupiga picha kuliko mimi, bila usajili wao huruhusiwi kumpiga mgonjwa picha. Mi nimeshapokea binti alikuja kuomba kujitolea kwetu hospitali, chumba cha eksirei ninapofanya kazi, ana cheti cha mwaka mmoja kizuri kabisa kimepigwa mihuri, baba yake aliuza ng'ombe watatu huko kijijini kumlipia, na pale alikosoma hapakuwa na ithibati ya hiyo kozi hata kidogo. Tulimpa maji akanywa, tukaongea naye, lakini chumbani hatukuweza kumwingiza. Yule binti simsahau, ndo maana jibu langu linakuwa refu hivi.

Matokeo yako yanatosha kuomba. Wanataka angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Baiolojia, Kemia na Fizikia, wewe unazo zote tatu. Hesabu na Kiingereza vinakuongezea nguvu watu wakiwa wengi ila F ya Hesabu haikufungii mlango. Ila nikwambie ukweli, hiyo Hesabu usiiache nyuma, rudi kwenye sehemu na uwiano kabla hujaanza chuo, kwa sababu fizikia ya mionzi ndo inayowapa wanafunzi sapu, mitihani ya kurudia, nyingi ninavyoona. Mfano mmoja tu, ukisimama mita moja kutoka kwenye chanzo cha mionzi halafu ukarudi nyuma hadi mita mbili, watu wengi wanadhani mionzi imepungua nusu, hapana, imebaki robo, ukienda mita tatu imebaki sehemu moja ya tisa. Hii sio ya kukariri kwa ajili ya mtihani, hii ndo itakayokulinda siku umeenda na mashine ya kusukuma wodini kumpiga picha mgonjwa asiyeweza kunyanyuka.

Chuo utakijuaje sasa. Ingia tovuti ya NACTVET, kila mwaka wanatoa mwongozo wa udahili, tafuta chuo kwa jina, halafu usiishie kwenye jina la chuo, angalia hiyo kozi yenyewe ya radiografia ipo chini ya jina lake au haipo. Hapa ndo watu wanapigwa. Chuo kinakuwa kimesajiliwa kweli, namba ya usajili ipo ukutani, lakini kimesajiliwa kwa uuguzi na utabibu, hiyo radiografia wanasema "tunaishughulikia", na wewe unakuwa umeshalipa. Kama haipo kwenye mwongozo wa mwaka unaoomba, kwako haipo. Vyuo vya serikali vya afya unaomba kwa mfumo wa pamoja wa NACTVET mtandaoni, vya binafsi unaomba chuoni kwenyewe, na kote huko humhitaji dalali hata wa buku tano. Na mkopo pia uliza, Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani chache walizozipa kipaumbele, za afya zikiwemo, soma mwongozo wao wa mwaka wako ujue fani yako imo na wanataka nyaraka gani, watu wengi wa diploma hadi leo wanadhani mkopo ni wa digrii peke yake.

Sasa nije kwenye kitu ambacho dalali hawezi kukwambia, na mimi naona ndo kikubwa kuliko ada na kuliko majengo, mafunzo kwa vitendo. Kazi yetu mdogo wangu unajifunza kwa mikono. Kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, na ndani ya dakika kumi najua huyu kwao amegusa mashine na huyu amesomeshwa kwa projekta. Alikuja mmoja mwaka wa pili anakutajia kilovolti na miliampia, vipimo vya umeme vya mashine, kama anasoma shairi, nikamwambia haya mpige bibi huyu kifua, akasimama pale hajui hata ashike wapi kushusha tyubu, ile sehemu ya mashine inayotoa mionzi. Sikumlaumu yeye, chuoni kwao wapo wengi na mashine ya kujifunzia hawana, walikuwa wanaiona kwenye picha.

Na kifua ndo picha utakayopiga mara nyingi kuliko zote, kuna kifua kikuu, kuna nimonia, kuna hawa wachimbaji wadogo wanaovuta vumbi la mawe miaka na miaka. Mtu anaona ni kubonyeza kitufe. Sikiliza. Mgonjwa anasimama kifua kimegusa ubao, mgongo unatazama tyubu, tyubu iko mbali kama sentimita 180 ili moyo usikuzwe kwenye picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega anayasukuma mbele ili yale mabapa ya mabega yatoke yasifunike mapafu. Nywele kama amesuka rasta ndefu zinapandishwa, cheni inavuliwa, sidiria inavuliwa, na hapo unatakiwa uwe umempa gauni na umemfungia mlango. Halafu pumzi. Avute ndani kabisa, ashikilie, ndo upige. Akivuta nusu, mapafu yanaonekana yamejaa kitu ambacho hakipo na daktari anaweza kumwanzishia dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Kwenye picha nzuri unahesabu mbavu za nyuma tisa kumi juu ya kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, ukikuta saba hiyo pumzi hakuvuta.

Yule bibi niliyemtaja alitoka huko Bahi, Kiswahili anasikia kidogo, alikuwa anaiogopa mashine mpaka anatetemeka, yule mwanafunzi anamwambia kwa sauti "vuta pumzi bibi" na bibi anamtazama tu. Nilienda nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nikamshika bega, nikavuta pumzi mimi mbele yake nikabana mashavu yamejaa, akacheka, akafanya hivyohivyo, tukapiga, picha ikatoka safi mara moja. Hiyo dakika moja ya kumsalimia ilimuokolea bibi kurudiwa picha, na kila picha unayorudia kwa uzembe ni mionzi umemuongezea mtu bila faida. Haya mambo hayapo kwenye slaidi.

Nikupe na lingine, la mkono. Bodaboda wanaanguka kila siku hapa mjini, unaletewa kijana amevunjika mkono kati ya kiwiko na kiganja. Sheria yake ni picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, zikae kama kona ya kitabu, yaani pembe mraba, na kwenye kila picha kiwiko kionekane na kiganja kionekane. Kwa sababu mfupa unaweza kuvunjika ukaangalia mbele ukauona mzima kabisa, ukigeuza ubavu ndo unaona umepinda. Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali moja ya wilaya, nilikuwa peke yangu na foleni imefika getini, kijana analia kila nikigeuza mkono, nikamuonea huruma nikapiga picha moja tu. Akapewa panadoli akarudi nyumbani. Alirudi baada ya wiki tatu mkono umeunga vibaya. Kosa lilikuwa langu, na huruma niliyomuonea haikumsaidia chochote, toka siku hiyo hata mgonjwa anitukane picha ya pili napiga, namtafutia mto, namtafutia namna, lakini napiga. Na alama ya kulia na kushoto naweka kabla, kila picha, sina mgonjwa wa haraka kiasi cha kuiacha.

Kwa hiyo ukienda kutembelea chuo, na nakuomba uende mwenyewe kwa miguu yako, usiulize kwanza hosteli na wifi. Uliza fildi mnaenda hospitali gani, na kwa wiki ngapi kila semista. Uliza huko hospitalini mnakuwa wanafunzi wangapi kwenye mashine moja. Uliza mwalimu wa kupanga mgonjwa ni radiografa mwenyewe au ni mwalimu wa baiolojia amepewa moduli. Uliza mna chumba cha kujifunzia, na uombe uoneshwe, sio uambiwe kipo. Na mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu pembeni, kantini huko, umuombe uione logibuku yake, kile kitabu wanachosainiwa kila picha waliyopiga. Kikiwa kimejaa sahihi za tarehe tofauti na vipimo tofauti, uko sehemu nzuri. Kikiwa kimesainiwa kurasa nzima kwa kalamu moja siku moja, ondoka dada.

Dodoma tuna bahati kwenye hili, maana hapa mjini kuna Benjamin Mkapa yenye siti skani na MRI, zile mashine kubwa za kuona ndani ya mwili, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo wengi tunaiita Jenero, yenye wagonjwa wa kila aina, na ukitoka nje kidogo Mvumi, Mpwapwa, Kondoa huko ndo unajifunza kufanya kazi ukiwa na mashine moja na umeme unaokatika. Mwanafunzi mzuri apite kote. Ukikaa kwenye mashine kubwa tu za kidijitali utakuja kupangiwa kituo cha afya huko porini ushindwe.

Binamu yako wa Marekani hajakosea ila kuna vitu hakuvisema. Kule mtihani wa taifa wanaufanya chini ya ARRT, chombo kinachowapa vyeti watu wa mionzi, na toka mwaka 2015 huruhusiwi kuufanya kama huna angalau digrii ndogo ya miaka miwili, kwa hiyo hata kule wa mwaka mmoja hayupo. Huo muda mfupi wa kozi ni wa kutwa nzima na likizo ni chache, wengi wanakuwa wameshasoma masomo ya msingi kabla, na sehemu kubwa wanashinda hospitali wakihesabiwa picha walizofaulu kupiga. Mwisho wanakaa mtihani wa maswali 200 yanayohesabika na lazima upate 75 kwa kipimo chao cha alama, sio maswali 75. Na kule pia vyuo binafsi vya matangazo ya kuvutia vipo vingi, watu wanatapeliwa vilevile, ndo maana wanaojua wanauliza kwanza kama kozi ina ithibati ya JRCERT, shirika linalokagua kozi za radiografia, na kozi yenye hiyo ithibati inalazimika kutangaza hadharani wanafunzi wangapi walimaliza, wangapi walifaulu mtihani wa taifa mara ya kwanza na wangapi walipata kazi. Hilo swali libebe uende nalo kwenye vyuo vya kwetu, mwaka jana walianza wangapi na wakamaliza wangapi, uone mtu wa udahili anavyojibu. Ila usisome huku ukiwa umeweka akilini kwamba diploma yetu itakufungulia kazi kule moja kwa moja, haiko hivyo, wana njia yao na wengi inabidi wasome tena.

Kuhusu mama. Usimdharau mama, hofu yake ina msingi, wale wa mwanzo kabisa baada ya Röntgen kuvumbua eksirei mwaka 1895 waliumia kweli, walikuwa wanajipima kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele ya tyubu, vidole vikaungua, wengine wakapata saratani. Ndo kwa sababu yao tuna sheria. Leo mfanyakazi wa mionzi kiwango chake cha juu ni milisiveti 20 (milisiveti ni kipimo cha mionzi anayopokea mtu) kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na wengi wetu tunaopiga picha za kawaida hatufiki hata karibu. Ili mwanaume apate utasa wa muda tu inabidi sehemu zake za siri zipigwe kwa mkupuo kama miligrei 150, kwa eksirei miligrei moja ni kama milisiveti moja, na mwanamke kukauka kizazi ni zaidi ya hapo mara nyingi sana, hizo ni dozi za watu wanaotibiwa saratani, sio za anayebonyeza kitufe akiwa nyuma ya ukuta. Picha moja ya kifua ni kama mionzi unayoipata kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani ukiwa umekaa nyumbani kwako, hata hapo Bahi na Manyoni watafiti walishakuja kutafuta urani kwenye udongo, mionzi ya asili ipo siku zote na watu wanazaa. Siti skani ya tumbo ndo ina dozi kubwa, na hiyo anaipata mgonjwa, wewe uko chumba kingine.

Kinachotulinda ni muda mfupi, umbali, na ngao. Simama nyuma ya kizuizi, vaa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi ukilazimika kuwa ndani, usimshikilie mtoto wewe kila siku kwa mkono wako, mzazi ashikilie akiwa amevaa aproni, ila kama ni mama muulize kwanza kama ana ujauzito. Aproni usiikunje kama kanga, inapasuka ndani huoni, itundike. Na kifuani utavaa dozimita, kidude kidogo kinapokea mionzi unayopata, kinapelekwa kusomwa Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, na majibu yanarudi kwa jina lako. Chuo au hospitali itakayokuingiza kwenye mionzi bila dozimita ikate hapohapo. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu kuna sehemu nilishafanya kazi tulivaa dozimita moja kwa zamu watu watatu, yaani majibu yakirudi hujui ni ya nani, na tulikaa kimya mwaka mzima tukiogopa kupoteza kazi. Msikae kimya nyie.

Na siku ukishika mimba, unatoa taarifa mapema, kuanzia hapo mtoto tumboni asizidi milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki, unapangiwa kazi inayolingana. Mimi nina wawili, wa kwanza nilimbeba nikiwa kazini, yuko darasa la tano sasa.

Ajira kwa kifupi. Serikali inatangaza nafasi kwenye mfumo wa ajira lakini haitangazi kila siku, wapo wenzangu walisubiri, wakajitolea, wakafanya hospitali za binafsi na za makanisa. Ila vituo vya afya vinaendelea kupata mashine na mashine haijiendeshi. Ukija kutaka digrii, diploma yako ikiwa na GPA, wastani wa alama, nzuri unaomba namba ya uhakiki NACTVET unaenda, kwa mfano chuo cha Bugando kule Mwanza wana digrii ya fani hii. Ultrasaundi jifunze mapema, huko vijijini mama wajawazito wanakungoja.

Sasa fanya hivi kabla hujaomba popote. Nenda hospitali yoyote ya karibu, uende na mama, siku za katikati ya wiki mchana foleni inapungua, muombe mkuu wa chumba cha eksirei dakika kumi. Mwambie unataka kusomea. Wengi wetu tunafurahi mtu akituuliza. Mama aingie aone chumba wakati hakuna mgonjwa, aambiwe na mwenye kazi kwamba mashine isipopiga hakuna mionzi inayobaki ukutani wala kitandani, ni kama taa, ukizima giza. Aombe kuona karatasi ya majibu ya dozimita, asome namba ya mwaka mzima, ailinganishe na hiyo 20. Halafu mkitoka hapo mmpigie huyo kaka wa laki nne, mama ndo aongee, amuulize kitu kimoja tu, jina la chuo kama lilivyoandikwa kwenye mwongozo wa NACTVET, na ukurasa.